Usipoziba Ufa: Sheria, Mwenye Nyumba na Magofu ya Miji ya Kale ya Pwani

Utangulizi

Methali isemayo "usipoziba ufa utajenga ukuta" hufundishwa shuleni kama onyo kwa mtu mzembe. Maana yake ya juu haina utata: hasara ndogo isiposhughulikiwa mapema huzaa hasara kubwa. Hata hivyo, lipo jambo ambalo methali hii hailisemi. Humsemesha mtu mmoja, na humchukulia kuwa ndiye mwenye ukuta, kwamba ufa anauona, na kwamba uwezo wa kuuziba anao. Je, ukuta wenye warithi ishirini ni wa nani? Je, mwenye ukuta akiwa ng'ambo, au akiwa ni serikali yenyewe, nani atamwambia azibe?

Maswali haya si ya kinadharia tu. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu 2 wakapoteza maisha. Jumba hilo lilikuwa mali ya umma, limo katika eneo la Urithi wa Dunia, na ubovu wake ulijulikana, kwani sehemu zake zilikuwa zimekwisha kuanguka mwaka 2012. Halikukosa sheria wala halikukosa sifa. Lilichokosa ni mtu wa kuziba ufa kwa wakati.

Makala haya yananuia kueleza jinsi majengo matupu na yaliyotelekezwa yanavyodhibitiwa katika miji ya kale ya pwani, hususan Lamu, Mombasa na Zanzibar. Kwanza yatafafanua istilahi, kwa kuwa sheria isiyotofautisha majina haiwezi kutofautisha mambo. Kisha yataeleza namna nyumba ya mawe inavyoharibika, sababu zinazomzuia mwenye nyumba kuitengeneza, sheria zilizopo, na hatimaye suala la lugha ambayo kwayo sheria hizo humfikia raia.

Gofu, Hame na Jengo Tupu

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya kutajia makazi yaliyoachwa. "Hame", ambalo wingi wake ni "mahame", linatokana na kitenzi "hama". Linataja mahali ambapo watu waliondoka, wala halisemi lolote kuhusu hali ya kuta. "Ganjo" nalo hutaja mahali palipokuwa na mji zamani. "Gofu" ni neno la umbo: ni jengo lililobaki mifupa. Ndiyo maana mtu aliyekonda kupita kiasi huitwa gofu la mtu. Washairi wa Kiswahili waliitambua nguvu ya taswira hii tangu zamani. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir uliitumia hali ya majumba ya Pate yaliyoachwa kuwa hoja ya kuukumbusha moyo kwamba dunia haidumu.

Kwa mshairi, gofu ni mawaidha. Kwa serikali ya mtaa, gofu ni tatizo la usalama, la afya na la mipango ya mji. Lakini hapa ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu utupu na ubovu ni mambo mawili, ingawa mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja. Majengo yanaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni jengo lenye watu na lililo zima, ambalo halina shida. La pili ni jengo tupu lakini zima. Mfano wake ni nyumba za kale za Lamu, hasa Shela, zilizonunuliwa na wageni kutoka ng'ambo na kukarabatiwa kwa ustadi, lakini ambazo baadhi yake hukaliwa wiki chache tu kwa mwaka. La tatu ni jengo bovu lenye watu, nalo limeenea sana katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako familia kadhaa huweza kuishi chini ya dari moja inayovuja. La nne ni jengo bovu na tupu, ambalo ndilo watu wengi hulifikiria wanaposikia neno "gofu".

Lipo pia gofu la namna ya pekee, yaani lile ambalo sheria inataka libaki gofu. Mji wa Gede, karibu na Malindi, ulitangazwa kuwa eneo la kihistoria mwaka 1927, na uchimbuzi wa kiakiolojia ukaanza hapo mwaka 1948 chini ya James Kirkman. Huko kazi ya mhifadhi si kuliezeka jengo upya bali ni kuzuia mizizi na mvua zisimalize kilichosalia. Kwa hivyo, kanuni moja inayosema "majengo yaliyoachwa yarekebishwe au yabomolewe" ingekosea katika makundi yote isipokuwa moja. Jengo tupu lililo zima halihitaji fundi bali wakaaji. Jengo bovu lenye watu linahitaji fundi bila ya kuwafukuza wakaaji. Na Gede haihitaji kimojawapo.

Namna Nyumba ya Mawe Inavyokufa

Ili kuelewa kwa nini sheria inahitajika, ni sharti kuelewa jengo lenyewe. Nyumba ya kale ya Lamu hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na mchanga. Sakafu za ghorofa na dari hubebwa na boriti za mikoko, na juu yake hupangwa mawe na kumiminwa chokaa. Kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, upana wa vyumba huwa chini ya meta 3, na ndiyo sababu nyumba hizi zina vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana: kutoka daka na tekani hadi kiwanda, kisha msana wa tini, msana wa yuu na ndani, penye zidaka za kuwekea vyombo.

Ukuta wa matumbawe hupumua. Hunywa unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa huuruhusu kufanya hivyo. Adui wake ni maji yanayoingia kutoka juu na kukosa pa kutokea. Nyumba inapokaliwa, mwenyewe huona tone la kwanza la mvua na kumwita fundi. Kazi huwa ya siku moja na ndoo chache za chokaa. Nyumba isipokaliwa, tone hilo haliona mtu. Maji hupenya sakafu ya juu, hufikia ncha za boriti zilizomo ukutani, na mti huanza kuoza mahali ambapo macho hayafiki. Boriti ikikatika, dari huanguka juu ya sakafu ya chini yake, na uzito huo huiangusha nayo. Kuta zilizokuwa zikishikiliwa na sakafu hubaki zimesimama peke yake. Mkunazi au mtini ukiota katika ufa, mizizi humaliza kazi. Yapo pia madhara yatokanayo na matengenezo yasiyofaa: lipu ya saruji na rangi za plastiki huzuia ukuta kupumua, unyevu ukafungika ndani, na lipu ikabambuka pamoja na ngozi ya jiwe.

Aidha, nyumba ya mji wa kale haifi peke yake. Vichochoro ni vyembamba, nyumba nyingi hushiriki kiambaza kimoja, na baadhi yake huunganishwa na wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia kutoka nyumba moja hadi nyingine. Ukuta unaoegemewa na jirani ukianguka, jirani huanguka nao. Paa lililo wazi hukusanya maji na takataka, na maji yaliyotuama huzalisha mbu. Hapa ndipo msingi wa udhibiti unapopatikana. Mtu anayo haki ya kuiacha mali yake ichakae ikiwa hasara ni yake mwenyewe. Katika mji wa viambaza vya pamoja, hasara haiwezi kuwa ya mtu mmoja.

Kwa Nini Mwenye Nyumba Hazibi Ufa

Ni rahisi kumlaumu mwenye nyumba kwa uvivu au ubahili. Ukichunguza, sababu nyingi ni za kimfumo. Ya kwanza ni mirathi. Katika jamii za Kiislamu za pwani, nyumba hurithiwa kwa mafungu yaliyowekwa na sheria ya dini. Tuseme mtu amefariki akaacha mke, wana 2 wa kiume na mabinti 3. Mke hupata thumni. Kilichobaki hugawanywa ili kila mwana wa kiume apate mara mbili ya binti, yaani thumni 2 kwa kila mwana na thumni 1 kwa kila binti. Hesabu ni safi na haki imetendeka. Lakini binti mmoja akifariki na kuacha mume na watoto, mume huyo hupata robo ya thumni, yaani fungu 1 katika mafungu 32 ya nyumba. Baada ya vizazi vitatu bila kugawana wala kuuza, nyumba moja huwa na makumi ya wenyewe, wengine wako Mombasa, wengine Nairobi, wengine Oman na Uingereza. Mwenye fungu dogo hawezi kugharamia paa zima, na hana hakika kwamba wenziwe watamlipa. Kila mmoja humngojea mwenziwe.

Sababu ya pili ni wakfu. Mtu anapoiweka nyumba wakfu, nyumba hiyo haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yake huelekezwa kwa msikiti, kwa mafukara au kwa kizazi chake. Utaratibu huu uliihifadhi miji ya pwani kwa karne nyingi, kwa sababu mapato ya wakfu yalipasa kwanza kuitunza mali yenyewe. Lakini kodi inapokuwa ndogo kuliko gharama ya chokaa na boriti, wakfu hubaki jina. Nchini Kenya mali hizi zimesimamiwa na Tume ya Wakfu, na Zanzibar iko Tume ya Wakfu na Mali ya Amana.

Ya tatu ni kodi ya pango. Sheria ya Kenya ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ilitungwa ili kuwalinda wapangaji wa kipato cha chini. Inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ulinzi huo una maana kubwa kwa mpangaji mzee asiye na pa kwenda. Hata hivyo, mapato hayo hayatoshi kubadili dari moja. Mwenye nyumba hujikuta akisubiri mpangaji aondoke au nyumba ianguke, kwa vile kiwanja kitupu katikati ya mji kina bei kuliko nyumba yenye mpangaji wa kudumu.

Ya nne ni mfumo wa kodi za viwanja. Kwa muda mrefu nchini Kenya, kodi za serikali za mitaa zimetozwa hasa kwa thamani ya kiwanja bila kuhesabu jengo lililo juu yake. Mfumo huu haumwadhibu anayejenga, jambo ambalo ni zuri, lakini pia hautofautishi kati ya anayetunza na anayetelekeza. Nchini Uingereza hali ni tofauti. Sheria ya mipango ya miji ya mwaka 1990 huliruhusu baraza la mtaa kumwamuru mwenye mali airekebishe inapoathiri mandhari ya eneo, na tangu 2013 mabaraza yameweza kutoza nyongeza ya kodi kwa nyumba zilizokaa tupu kwa muda mrefu.

Sababu ya tano ni woga. Kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya ukomo wa madai, Sura ya 22, mtu aliyeikalia ardhi ya mwingine kwa uwazi na bila idhini kwa miaka 12 anaweza kudai umiliki. Baadhi ya wenye nyumba huona heri kufunga mlango kwa kufuli kuliko kumweka jamaa ndani. Hivyo basi, sheria iliyonuia kuwachochea wenye ardhi waitumie huweza kuzalisha utupu.

Sheria Zilizopo na Nani Mwenye Mamlaka

Msingi wa udhibiti nchini Kenya umo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 40 kinalinda haki ya kumiliki mali. Kifungu cha 66 kinairuhusu Serikali kudhibiti matumizi ya ardhi kwa maslahi ya usalama wa umma, afya na mipango ya matumizi ya ardhi, miongoni mwa mengine. Kifungu cha 43 nacho kinatambua haki ya kila mtu ya makazi yanayofikika na yanayofaa. Vifungu hivi vitatu vinapaswa kusomwa pamoja: mwenye nyumba analindwa, umma unalindwa, na anayelala ndani ya nyumba hiyo naye analindwa.

Jedwali la Nne la Katiba linagawa majukumu. Mipango na maendeleo ya kaunti, pamoja na makazi, ni kazi ya serikali za kaunti. Makumbusho ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni jukumu la serikali ya kitaifa. Mgawanyo huu unaonekana wazi kwenye karatasi. Katika kichochoro cha Lamu hauko wazi hata kidogo, kwa kuwa nyumba moja ni makazi na urithi kwa wakati mmoja.

Chombo kikongwe zaidi ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka 1921. Kifungu chake cha 118 kinaorodhesha mambo yanayohesabiwa kuwa kero kisheria, yakiwemo makao ambayo ujenzi wake au hali yake ni ya kudhuru au kuhatarisha afya. Kifungu cha 119 kinaipa mamlaka ya afya uwezo wa kumpa mhusika ilani ya kuiondoa kero hiyo. Asipotii, shauri hupelekwa mahakamani. Utaratibu huu una hatua tatu zinazoeleweka: ukaguzi, ilani, kisha mahakama. Upungufu wake ni kwamba unaliona jengo kama chanzo cha maradhi tu. Haukutungwa kwa ajili ya kuokoa zidaka wala milango ya nakshi. Mbele yake, kubomoa ni dawa sawa na kutengeneza.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, inaipa kaunti uwezo wa kutoa ilani dhidi ya ujenzi unaofanywa bila kibali. Inamshughulikia anayefanya jambo lisiloruhusiwa. Anayetelekeza nyumba kwa kawaida hafanyi jambo lolote, na kutofanya ni vigumu kukukamata kwa sheria iliyoundwa kukamata kutenda.

Sheria ya tatu ni ile ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006, iliyorithi nafasi ya Sura ya 215 kuhusu mambo ya kale. Kwa sheria hizi, eneo au jengo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na baada ya hapo haliwezi kubadilishwa au kubomolewa bila idhini. Tangazo humzuia mwenye nyumba asibomoe. Lenyewe halimpi chokaa. Likitolewa bila msaada wowote, huweza kumfikisha mwenye nyumba mahali ambapo haruhusiwi kujenga upya na hawezi kukarabati. Wakati na mvua hufanya kile ambacho sheria ilimkataza kufanya kwa mikono yake.

Lamu, Mombasa na Zanzibar

Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, mwaka uleule ambao mpango wa uhifadhi ulioandaliwa na Francesco Siravo na Ann Pulver ulichapishwa. Mwaka 2001 mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, ukiwa na kiini cha takriban hekta 16. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yaliweka ofisi ya uhifadhi mjini humo ili kutoa ushauri wa kiufundi kwa wenye nyumba. Mafanikio yake hayatokani na adhabu bali na ukaribu: mtu aliweza kuingia ofisini na kuuliza ni lipu gani inayofaa. Hata hivyo, mfano wa Lamu unaonyesha jinsi sheria mbili njema zinavyoweza kugongana. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu nao waliathirika. Uhifadhi wa misitu ulidai mikoko isikatwe. Uhifadhi wa mji ulidai boriti.

Mombasa, mji wa kale ulio kando ya Ngome ya Yesu ulitangazwa kuwa eneo la uhifadhi mwaka 1990. Mombasa ina shinikizo ambalo Lamu haina kwa kiwango hicho, yaani thamani ya ardhi katika jiji la bandari. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya jiji na ya Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu. Agizo kama hili lina faida yake, kwa kuwa humlazimu mwenye jengo ajitokeze na aonekane. Lakini hudhibiti sura, wala halidhibiti mifupa. Nyumba yaweza kupakwa rangi leo ilhali boriti zake zimeoza, na iwapo rangi yenyewe ni ya kuziba unyevu katika ukuta wa matumbawe, tiba hugeuka kuwa maradhi.

Zanzibar ina historia ya pekee. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizokuwa za matajiri waliokimbia au walionyang'anywa zilichukuliwa na serikali na kugawiwa familia zilizohitaji makazi. Kwa familia hizo ilikuwa haki iliyochelewa. Hata hivyo, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya tajiri mmoja na watumishi wake ilibeba kaya nyingi, kodi ilikuwa ndogo, na mwenye nyumba mpya, yaani serikali, hakuwa na fedha za kutunza majumba yote hayo. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, sheria yake ikapitishwa mwaka 1994 na nyingine mwaka 2010, na mji ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hapa funzo la Beit al-Ajaib linarejea kwa uzito zaidi. Mdhibiti na mwenye nyumba wanapokuwa mtu mmoja, ilani huandikwa na nani, nayo hupelekewa nani?

Lugha ya Ilani

Kuna upande mmoja wa suala hili ambao wanasheria na wasanifu majengo hawaugusi sana, nao unawahusu moja kwa moja wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, sheria zote zilizotajwa hapo juu za Kenya zimetungwa kwa Kiingereza. Anayepaswa kuzitii katika vichochoro vya Lamu ni mzungumzaji wa Kiamu ambaye amerithi thumni ya nyumba.

Hili si suala la heshima ya lugha pekee. Chukua neno "kero". Katika mazungumzo ya kawaida, kero ni usumbufu, jambo la kuudhi kama kelele za jirani. Katika sheria ya afya ya umma, dhana hiyo ni hali ya hatari inayoweza kumfikisha mtu mahakamani. Mzee akiambiwa kwamba nyumba ya babake ni kero, huenda akaona ametukanwa, wala asijue kwamba ameonywa na kwamba kuna muda unaohesabiwa. Vivyo hivyo, mkaguzi akiandika "gofu" pale alipopaswa kuandika "jengo lenye ubovu unaotengenezeka", amekwisha kulihukumu jengo kufa, kwa sababu katika masikio ya Mswahili gofu halitengenezwi. "Kuukuu", "kale", "bovu", "hatari" na "gofu" ni ngazi tano tofauti, na kila ngazi inastahili hatua yake ya kisheria.

Upande wa pili, mafundi wa pwani wanayo istilahi kamili ya jengo ambayo haimo katika sheria yoyote: daka, tekani, kiwanda, msana, kidaka, wikio, kiambaza, boriti, sakafu. Ilani inayosema kwamba ncha za boriti za msana wa yuu zimeoza upande wa kiambaza cha jirani inamweleza mwenye nyumba na fundi wake mahali pa kuanzia kazi. Ilani inayosema kwamba jengo halijakidhi viwango haimwelezi lolote. Istilahi hizi zikikusanywa na kusanifiwa, hazitakuwa pambo la kamusi. Zitakuwa zana ya kazi.

Hitimisho

Kutokana na yaliyojadiliwa, ni dhahiri kwamba tatizo si ukosefu wa sheria bali ni namna sheria zilivyokatwa vipande. Moja inaona maradhi, nyingine inaona ujenzi haramu, nyingine inaona urithi, na hakuna inayomwona mtu anayelala chini ya dari inayovuja. Kanuni ya mtaa inayostahiki ingeanza na daftari la majengo, lenye kutenganisha utupu na ubovu, ili kila kundi lipate dawa yake. Ingewataka warithi wateue mwakilishi mmoja wa kupokea ilani na kukubali gharama, bila ya kugusa mafungu yao. Ingetanguliza ushauri na mkopo wa chokaa na boriti kabla ya faini. Ingeharamisha kumfukuza mpangaji kwa kisingizio cha ubovu ambao mwenye nyumba mwenyewe aliuachia ukue. Ingeilazimu serikali iorodheshe majengo yake yenyewe kwanza, na yakaguliwe na chombo kisichokuwa chini ya idara inayoyamiliki. Na ingeandikwa kwa Kiswahili ambacho fundi na mwenye nyumba watakielewa bila ya mkalimani.

Methali ilimsemesha mtu mmoja kwa sababu katika zama zake mwenye ukuta alijulikana na alikuwa akilala nyuma yake. Leo ukuta huo una warithi walio mbali, mpangaji asiye na uwezo, kaunti, makavazi na jirani aliyeegemea upande wa pili. Ufa ni mmoja, wanaoutazama ni wengi. Kazi ya sheria ni kumtaja, kwa jina na kwa lugha anayoielewa, yule atakayeshika mwiko leo, kabla ya masika.